Ulimi unaochoka haupimwi kwa sentensi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Mimi ni dalali wa samaki pale Feri, Magogoni, kazi niliyoianza mwaka 1988, na makazi yangu ni ng'ambo, Kigamboni. Katika toleo lenu la Siku ya Kiharusi Duniani, 29 Oktoba, mlieleza vizuri namna ya kumtambua mtu aliyepatwa na kiharusi: mwambie atabasamu uone kama mdomo umekwenda upande, mwambie ainue mikono yote miwili, mwambie aseme sentensi moja usikie kama inaeleweka, na ukiona kasoro mkimbize hospitali. Ukurasa ule nimeukata na kuubandika ukutani, karibu na kalenda. Sina ugomvi nao hata kidogo.

Ninachotaka kusema ni kwamba yapo maradhi ambayo sentensi moja haiyaoni. Mimi hiyo sentensi niliisema vizuri mbele ya matabibu watano kwa muda wa miaka miwili na miezi minne, na kila nilipoisema niliambiwa ulimi wangu ni mzima.

Kwa asiyewahi kufika mnadani, dalali anauza kwa ulimi. Boti zikishusha, samaki wanapangwa mezani, jodari na nguru mmoja mmoja, kolekole kwa mafungu, changu na tasi kwenye mabeseni, dagaa kwenye ndoo. Wanunuzi wanakuzunguka: wachuuzi wa mitaani, mama lishe, watu wa mahoteli, wakaanga samaki. Nawe unaanza: "Thelathini, thelathini, thelathini na mbili kwa mama, na mbili, na mbili, na tatu huku, na tatu, thelathini na nne!" Unaongea bila kituo kwa sababu ukinyamaza bei inalala, na mvuvi aliyekesha baharini usiku kucha amekukazia macho. Beseni moja likiondoka linasogezwa jingine. Siku yenye samaki nilikuwa nanadi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, na mapumziko yangu ni funda mbili tatu za kahawa.

Mwezi wa nne mwaka 2019 ndipo mambo yalipoharibika. Saa ya kwanza ya mnada sikuona tofauti yoyote. Kufika saa tatu, "thelathini" ikawa haitoki yote, maana ncha ya ulimi hainyanyuki kufika kwenye meno. Halafu sauti ikahamia puani. Nikisema b inatoka m, nikisema d inatoka n, g inatoka ng'. Siku moja nilikuwa na ndoo ya dagaa mbele yangu, nikaita "dagaa", watu wakasikia "nang'aa". Walicheka meza nzima. Nilimwachia mwenzangu ndoo ile, nikapanda pantoni la saa nne nikarudi nyumbani bila kumsalimia mtu.

Mke wangu ndiye aliyeona upande wa pili. Wali nilikuwa naumaliza, lakini nyama au muhogo, nikifika tonge la kumi taya linabaki wazi, nalisukuma kwa mkono lifunge. Chakula kinakwama kati ya shavu na ufizi kwa sababu ulimi umeacha kukizoa, nakitoa kwa kidole. Chai ikawa inarudi puani. Tukahamisha chakula cha usiku kikawa saa kumi na moja jioni, baada ya mimi kulala kidogo. Maana hilo ndilo lililotuchanganya zaidi: nikilala mchana, nikiamka, najaribu peke yangu chumbani, "thelathini na tatu, thelathini na tatu", na maneno yanatoka kama zamani. Mke wangu akaniuliza ni ugonjwa gani huu unaolala mtu akilala.

Sokoni walishapata jibu lao. Wengine walisema nimeanza kunywa, mimi ambaye pombe sijaionja tangu nizaliwe. Wengine walisema nimefungwa ulimi. Nilisomewa kisomo, na kisomo kilinipa utulivu, sitakisema vibaya. Kosa langu ni kwenda kwa mganga mmoja ambaye aliniambia aliyenifunga ni dalali mwenzangu, mtu tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja na aliyesimama nami harusi ya binti yangu. Nikamwamini mganga. Miezi saba sikujibu salamu ya ndugu yangu yule. Alikuwa akinipokea mabeseni yangu saa tatu ulimi ukiisha, ananadi, ananipa fedha yangu yote mkononi bila kukata senti, nami nazipokea nikiangalia pembeni. Nalitaja hili kwa sababu ugonjwa usiopimwa haukai bila jina. Watu wataupa jina, na jina lile lina gharama yake.

Sasa nije hospitalini, ndiko shina la barua hii lilipo. Sitataja ni hospitali gani, kwa sababu zilikuwa zaidi ya moja na kote nilikutana na mambo yaleyale. Nafika saa moja asubuhi, nachukua namba, nakaa kwenye benchi. Nakaa saa tatu, wakati mwingine nne. Kwenye benchi siongei na mtu. Jina langu likiitwa, ulimi wangu umeshapumzika kuliko siku yoyote ya kazi. Naingia, namweleza daktari kwa maneno yaliyonyooka kwamba nashindwa kuongea. Ananitazama. "Toa ulimi nje." Nautoa, umenyooka katikati. "Upeleke kushoto. Kulia. Sukuma shavu lako kwa ndani." Nasukuma, anaweka kidole juu ya shavu, anaona nguvu ipo. Yote haya hayazidi nusu dakika. Anaandika kwenye faili. Nimeandikiwa msongo wa mawazo mara mbili, asidi ya tumbo mara moja, vitamini mara nyingi. Wala siwaoni kama watu wabaya. Walipima nguvu, na nguvu nilikuwa nayo. Uchovu hakuna aliyeupima.

Mtu mmoja tuliyekaa naye benchi moja, ndugu yake alikuwa amepona kiharusi, alinishauri nifanye mazoezi ya kusukuma kijiko kwa ulimi mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Alinishauri kwa moyo safi. Nilifanya siku nne, na jioni ya siku ya nne nilishindwa kumeza mate yangu mwenyewe. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mazoezi yale ni ya kweli kwa mgonjwa wa aina nyingine. Huko Wisconsin, Marekani, mtafiti JoAnne Robbins na wenzake walichapisha mwaka 2007 habari za wagonjwa kumi wa kiharusi waliokandamiza ulimi dhidi ya kaakaa kwa wiki nane, na ulimi ukapata nguvu, na kumeza kukawa salama zaidi. Ulimi wa kiharusi unahitaji kufanyishwa kazi. Wangu ulihitaji kupumzishwa. Ukiwatazama wagonjwa hao wawili kwa macho tu, wote wanaongea kama wana kitu mdomoni.

Aliyenitoa gizani ni daktari kijana, binti, alikuwa katika mafunzo ya vitendo, nadhani hata miaka thelathini hakuwa ameifikia. Ilikuwa Agosti 2021. Aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa.

"Mzee, shida inaanza saa ngapi?"

"Kama saa tatu, daktari. Nikishanadi sana."

"Basi naomba unadi hapa."

"Ninadi nini, mwanangu? Hapa hakuna samaki."

"Nadi hicho kiti."

Kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya. Nikasimama, nikaona haya kidogo, kisha nikaanza kama nilivyozoea, elfu tano, tano, tano na mia tano, sita. Yeye alitazama saa ya ukutani na kuandika. Dakika ya kwanza hakuandika kitu. Dakika ya tatu akainua kichwa. Dakika ya nne sauti ikaingia puani, na kabla ya dakika ya sita nilikuwa natoa mlio tu, na kope ya jicho la kushoto imeshuka hadi katikati ya mboni. Wauguzi wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Akaniambia, "Sasa nyamaza mzee, usiseme neno lolote." Tukakaa kimya dakika kumi, yeye na mimi, na foleni nje inalalamika. Kisha: "Sema thelathini na tatu." Ikatoka yote, na th zake na l zake.

Halafu akaniambia nitazame dari bila kupepesa, kope zote mbili zikateremka taratibu kama pazia. Akajaza barafu kwenye glavu, akaiweka juu ya kope ya kushoto kwa dakika mbili, na alipoitoa jicho lilikuwa wazi. Maisha yangu yote nimeshika barafu ili samaki asiharibike. Siku ile barafu ilinifumbua jicho, kwa sababu baridi husaidia ishara ya mshipa wa fahamu kuufikia msuli. Akaandika kwenye faili maneno mawili: miastenia gravisi. Baadaye damu ikapimwa na ikathibitisha, kifua kikapigwa picha ya CT kuangalia tezi ya thimasi, maana kwa wagonjwa wengine tezi hiyo huwa na uvimbe. Yangu haikuwa na uvimbe.

Alinieleza ugonjwa kwa lugha ya mnada, na sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Mshipa wa fahamu ni dalali, msuli ni mnunuzi. Dalali akiita, mnunuzi anasikia na kuitika, na ndivyo ulimi unavyonyanyuka. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inakosea adui na kwenda kuziba masikio ya wanunuzi. Dalali yeyote sauti yake ya kwanza ni kubwa, kisha inapungua kadiri anavyoendelea kuita. Kwa mtu mzima masikio ni mengi mno, hata sauti ikipungua bado inasikika, hivyo hahisi kitu. Kwangu yaliyobaki wazi ni machache. Mwito wa kwanza unasikika, wa pili unasikika, wa hamsini hausikiki. Dalali akinyamaza kidogo sauti yake inarudi. Na dawa ninayomeza, piridostigmini, haizibui masikio. Inachofanya ni kuizuia sauti isipotee haraka, ikae hewani kidogo zaidi. Naimeza nusu saa kabla ya mnada na nusu saa kabla ya kula, inanibeba saa tatu hadi nne. Dawa nyingine, ya kutuliza kinga, naimeza asubuhi.

Wazo la kuupima msuli kwa kuurudisha kazini tena na tena siyo geni wala siyo la gharama. Mwaka 1895 huko Berlin, Friedrich Jolly, mmoja wa waliouita ugonjwa huu miastenia gravisi, aliusisimua msuli wa mgonjwa kwa umeme mara nyingi mfululizo na kuona unavyolegea kila anaporudia. Mwaka 1934 huko Greenwich, London, daktari Mary Walker alifuata wazo kwamba wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyeingiwa na sumu ya mishale iitwayo kyurari, akamchoma mgonjwa mmoja sindano ya fizostigmini, dawa inayojulikana kupambana na sumu hiyo, na kope iliyolala ikanyanyuka. Vidonge vyangu ni wajukuu wa sindano ile.

Mwaka uliofuata nilipelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi aliyekuwa amekuja na kifaa cha kupima ulimi. Kinaitwa IOPI, na kilianzia Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Nitakieleza kwa sababu wasomaji wengi hawajawahi kukiona. Ni kijifuko laini cha plastiki kilichojaa hewa, ukubwa wa tende moja, kimeungwa na mrija mwembamba unaokwenda kwenye mashine ya kushika mkononi. Tende ile inawekwa juu ya ulimi nyuma ya meno ya mbele, unaikandamiza dhidi ya kaakaa kwa nguvu zako zote, na mashine inasoma shinikizo kwa kilopaskali. Kwa kulinganisha, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kama kilopaskali 220. Ulimi wa kijana mzima hufika kama 60. Kile kinyama kidogo kisicho na mfupa kinakandamiza kwa zaidi ya robo ya shinikizo la gurudumu!

Unakandamiza mara tatu, inachukuliwa namba kubwa. Mimi nilipata 44, 46, 45. Huo ndio upimaji wa nguvu. Kisha unakuja upimaji wa ustahimilivu: mashine inawekwa kwenye nusu ya nguvu yako, kwangu 23, na unaambiwa ushikilie taa ya kijani isizimike kadiri uwezavyo, huku saa inahesabu. Yule mtaalamu alijipima kwanza mbele yangu ili nisiogope, akashikilia sekunde 34. Mimi nilishikilia 11. Nikapumzika dakika moja, nikashikilia 6. Akaniambia ninadi kwa dakika tano, kisha turudie kila kitu. Nguvu ikashuka hadi 29, na kushikilia sekunde 3.

Naomba msomaji atulie kidogo kwenye namba hizo. Huko Japani, ambako wazee ni wengi na madaktari wa meno hupima ulimi wa mzee kama tunavyopimwa presha hapa, ulimi ulio chini ya kilopaskali 30 huhesabiwa kuwa dhaifu. Mimi nilikuwa na 46. Kwa nguvu peke yake ningepita hata Japani, ningerudishwa nyumbani. Dakika tano za kazi yangu ya kila siku ndizo zilizonishusha hadi 29. Mtaalamu alinieleza pia kwamba kupima ustahimilivu kuna kasoro zake: sekunde hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, hata kwa mtu yuleyule leo na kesho, na anayekata tamaa mapema huonekana kama anayechoka. Alinieleza kuhusu utafiti wa mwaka 1992 uliowapima wapiga tarumbeta na vijana wa mashindano ya midahalo, watu ambao ndimi zao zinafanya kazi kuliko za wengine. Walichozidi wenzao ni kushikilia muda mrefu. Nguvu na ustahimilivu ni vitu viwili, mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Nilifurahi kusikia habari ya vijana wale. Nadhani madalali wa Feri nao wangestahili kuwekewa tende ile mdomoni.

Kifaa kile kiliondoka na mwenyewe. Sitaomba kila zahanati inunue. Ninachoomba hakihitaji umeme wala bajeti: saa ya ukutani na kuhesabu.

Madaktari wa ugonjwa huu wana desturi ya kumwambia mgonjwa ahesabu kwa sauti moja hadi hamsini, wao wakisikiliza sauti inabadilika wapi. Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na silabi ndiyo kazi yake, alikaa mezani na kalamu akahesabu. Moja hadi hamsini kwa Kiswahili ni kama silabi 280. Kwa Kiingereza hazifiki nusu yake. Kuanzia ishirini na moja mtu anabeba "ishirini na" mara tisa, kisha "thelathini na" mara tisa, kisha "arobaini na" mara tisa, na humo kuna r, l, th, n, s, sauti zote zinazoinua ncha ya ulimi. Kwa hiyo Kiswahili chetu kinauchosha ulimi kwa haraka, na kwa kazi hii hiyo ni neema. Nawasihi matabibu wetu wasimwambie mzee ahesabu kwa Kiingereza, na wasichukue kipimo cha vitabu vya Kiingereza wakakiweka juu ya hesabu ya Kiswahili. Mgonjwa alinganishwe na nafsi yake: ahesabu akiwa amepumzika, aongee au atafune hadi achoke, ahesabu tena, anyamaze dakika kumi, ahesabu mara ya tatu. Ikiharibika ya pili na kurudi ya tatu, hapo kuna jambo. Lipo pia jaribio la kurudia "pa-ta-ka" haraka, pa kwa midomo, ta kwa ncha ya ulimi, ka kwa nyuma ya ulimi. Binti yangu alilibadilisha likawa "pakata, pakata, pakata", neno ambalo kila aliyelea mtoto analijua, na wazee wanalisema bila kujikwaa na maana.

Nina daftari la kurasa mia moja. Kila asubuhi kabla ya dawa nahesabu na binti yangu anaandika namba ambayo sauti imeingia puani. Kuna kurasa zenye 18, zenye 22, ukurasa mmoja wenye 9 wa siku niliyokuwa na homa, na tangu Machi mwaka jana nyingi ni zaidi ya 40. Daktari wangu wa sasa huanza na daftari lile kabla hajanitazama mimi, na ndilo analopunguzia au kuongezea dawa. Nimemwomba miadi yangu iwe mchana, baada ya mnada, na amekubali. Kama mgonjwa anachoka jioni, kumpima asubuhi ni kumpima mtu mwingine.

Jambo la mwisho ni la hatari, na nalisema kwa uchungu. Mwaka 2020, kabla sijajulikana ninaumwa nini, nililazwa na malaria, artesuneti ilikuwa imekwisha, nikatundikiwa dripu ya kwinini. Ilipofika usiku sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto, wala kukohoa, wala kumwita muuguzi aliyekuwa hatua sita kutoka kitandani kwangu. Kwinini huuzidisha ugonjwa huu, na vivyo hivyo jentamaisini, siprofloksasini na magnesiamu ya dripu. Ni dawa za kawaida kabisa katika nchi yetu. Mgonjwa huyu akikosewa, misuli ya pumzi inafuata ulimi. Nilipona kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha jirani aliona ninavyopumua akapiga kelele. Leo natembea na karatasi mfukoni iliyogongwa muhuri, yenye orodha ya dawa hizo, na mke wangu anayo nakala kwenye pochi yake.

Yule dalali mwenzangu nilikwenda kwake usiku wa siku ileile niliyonadi kiti. Nilimweleza yote, la mganga pia. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Hadi sasa saa tatu ikifika yeye ndiye anayepokea mabeseni yangu, na mimi nakaa pembeni naandika hesabu za wavuvi, kazi ya mkono.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Mwakani mtakapochapisha tena ule ukurasa wa kiharusi, chini yake ongezeni mistari miwili: kama ndugu yako anaongea vizuri asubuhi na kulewa maneno jioni, na hajanywa, mrekodi kwa simu akiwa amechoka, umpeleke hospitali na rekodi hiyo, na ukifika, mwombe daktari amsikilize akihesabu hadi hamsini.

Dalali wa samaki,
Kigamboni, Dar es Salaam